Samani za nje za mbao zilizotumika: dalili, chanzo na tiba

Mbao iliyotoka kwenye paleti, mlango wa zamani, jukwaa la wajenzi au paa lililobomolewa haiji mikononi mwako ikiwa tupu. Inakuja na matundu ya misumari, rangi usiyoijua asili yake, unyevu wa mahali ilipolala, na pengine wadudu waliokwisha kuhamia ndani. Ndiyo maana kitu ulichokitengeneza kwa mbao hizo kikianza kusumbua, chanzo mara nyingi hakipo pale dalili inapoonekana. Kiti kinayumba, mwenyewe anakaza skrubu. Wiki moja baadaye kinayumba tena, anaongeza skrubu nyingine, na sasa mbao inapasuka. Kumbe mguu ulikuwa unanyonya maji kutoka chini muda wote huo.

Kwa hiyo kabla ya kukaza, kupaka au kukata chochote, geuza samani yako miguu juu. Sehemu kubwa ya uchunguzi hufanyika huko chini ambako hakuna anayeangalia. Vifaa vya uchunguzi ni vichache: bisibisi nyembamba ya kuchokolea, futi ya kupimia, uzi, sumaku na maji kidogo kwenye kikombe.

Benchi au meza inayumba

Hakikisha kwanza kosa si la ardhi. Ihamishe sehemu mbili tatu tofauti, mojawapo iwe sakafu ya zege. Miguu ileile ikidunda kila mahali, kasoro ni ya samani. Ikibadilika kila unapohama, sawazisha ardhi na uache msumeno ulale.

Kisha shika ukingo wa juu na usukume kwa ubavu huku macho yako yakiwa kwenye miguu. Ukiona nyayo zinainuka na kushuka, tatizo ni urefu wa miguu au fremu iliyojikunja. Nyayo zikibaki zimetulia chini lakini sehemu ya juu inakwenda na kurudi, tatizo ni viungo. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Nyayo zikidunda, usikimbilie kukata mguu. Vuta nyuzi mbili kwenye pembe za fremu ya juu ili zipishane katikati kama herufi X. Zikigusana kwa wepesi, fremu iko sawa na kweli kuna mguu mfupi. Zikiachana, au moja ikiibinya nyingine, fremu imejikunja, na ukikata miguu utakuwa umeficha ugonjwa tu. Legeza skrubu zote za fremu, ibane juu ya sakafu iliyonyooka kwa jiriwa au kwa vitu vizito, halafu ukaze upya. Ikirudi kujikunja ukiiachia, kuna ubao mmojawapo uliopinda wenyewe. Utoe uweke mwingine, maana mbao kavu iliyopinda kwa miaka haitanyooshwa na skrubu.

Kama kweli ni mguu mfupi, weka samani kwenye sakafu bapa, ingiza kabari chini ya mguu huo hadi kitu kitulie, kisha chukua kipande kidogo cha mbao chenye unene wa kutosha kupita juu ya pengo hilo. Weka penseli juu ya kipande hicho, kizungushe kila mguu ukichora mstari, na ukate miguu yote minne kwenye mistari hiyo. Ukikata kwa kukadiria macho, mguu huu utakuwa mfupi, kisha ule, na meza ya kulia itaishia kuwa ya kahawa.

Viungo vinavyocheza ndivyo vinavyostahili muda wako zaidi, kwa sababu ndiyo sababu kubwa ya samani za kujitengenezea kufa mapema. Fremu ya mstatili iliyofungwa kwa skrubu moja kila kona haina kinachoizuia kulala upande. Kila skrubu inageuka kuwa bawaba. Pembetatu haina tabia hiyo: huwezi kuilaza bila kuvunja au kukunja upande mmoja. Kwa hiyo unachohitaji ni mbao za mshazari, digrii 45 au karibu na hapo, kutoka mguuni hadi kwenye fremu ya juu. Au ukate vipande vya pembetatu vya kukaa ndani ya kona. Hakikisha umeziba kuyumba kwa mbele na nyuma, na pia kwa kulia na kushoto. Wengi huweka mishazari upande mmoja tu na kushangaa benchi linapocheza upande wa pili.

Kabla ya kukaza mishazari, pima kona hadi kona kwa futi. Vipimo viwili vya mshazari vikilingana, kona za fremu zimekaa sawasawa. Visipolingana, sukuma kona ndefu hadi vilingane, ndipo ukaze. Guniya, kifaa cha kupimia kona, pekee haitoshi kwenye mbao za zamani, kwani kingo za mbao hizo zenyewe si nyoofu.

Tumia angalau skrubu mbili kila kiungo, zikae mshazari badala ya kufuatana kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao. Kwa miguu ya benchi linalokaliwa na watu wazima, bolti inayopenya upande hadi upande, ikiwa na washa (kisahani chenye tundu katikati) pana pande zote mbili, inazishinda skrubu. Ina faida nyingine: ukiikuta imelegea unaikaza kwa spana. Na italegea. Mbao ikinyauka baada ya miezi ya jua, nati inabaki na nafasi. Kukaza bolti baada ya msimu wa kwanza wa kiangazi ni sehemu ya matengenezo, si ishara kwamba ulikosea.

Skrubu inazunguka bila kukaza

Sababu tatu. Ya kwanza, skrubu imeingia kwenye tundu la msumari wa zamani au karibu nalo. Mbao za paleti zina matundu haya kila kona, na mengine yamezibwa na uchafu kiasi kwamba huyaoni. Ya pili, umeiingiza kwenye kichwa cha ubao, yaani pale ulipokatwa na mwisho wa nyuzi unaonekana. Skrubu inayofuata urefu wa nyuzi inashika kidogo sana ikilinganishwa na ile inayozikata. Ya tatu, mbao imeoza ndani. Hii ya tatu ichunguze kwanza: choma kwa bisibisi kandokando ya tundu. Mbao nzima inasukuma bisibisi irudi. Iliyooza inaipokea.

Kwa tundu la zamani, watu hujaza njiti za kiberiti na gundi. Ndani ya nyumba hilo linaweza kupita, nje halidumu. Toboa tundu liwe pana na safi, sema milimita 10, pigilia kijiti cha mviringo cha mbao ngumu kilichopakwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, subiri ikauke kabisa, kisha toboa upya katikati yake.

Kwa kichwa cha ubao kuna mbinu nzuri zaidi. Toboa tundu kutokea ubavuni mwa ubao, umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kichwani, ukiingiza kijiti cha mbao ngumu kinachokatiza njia ambayo skrubu itapita. Sasa skrubu ikiingia kwa kichwani itakutana na kijiti hicho na kuking'ata kwa kukata nyuzi zake. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na kiungo kinabadilika kabisa.

Kuhusu gundi: gundi nyeupe ya kawaida ya mbao hulainika ikilowa. Soma kopo. Kiwango cha Ulaya EN 204 hupanga gundi za mbao kwa uwezo wa kustahimili maji, kutoka D1 hadi D4, na kwa samani za nje zinazonyeshewa unatafuta D4, au utumie gundi ya poliurethani au ya epoksi. Hakuna gundi inayoshika juu ya rangi ya zamani, mafuta au vumbi, kwa hiyo kwangua hadi uone mbao yenyewe.

Mbao inapasuka

Angalia ufa unaanzia wapi.

Ukianzia kwenye skrubu, hukutoboa tundu la kuiongoza, au ulitoboa dogo mno, au umeiweka karibu sana na mwisho wa ubao. Mbao za zamani zimekauka na hazina tena ulaini wa kusogea pembeni kuipisha skrubu. Tundu la kuongoza liwe na upana wa kiini cha skrubu bila meno yake, na kwenye mbao ngumu liwe kubwa kidogo kuliko hapo. Ubao wa juu, ule ambao kichwa cha skrubu kinaukalia, utoboe kwa upana wa skrubu nzima ili meno yapite bila kushika. Hapo ndipo lilipo jibu la tatizo jingine linalowatesa wengi: mbao mbili zinazobaki na upenyo kati yake hata ukikaza vipi. Meno yameshika mbao zote mbili, kwa hiyo zinasonga pamoja bila kukaribiana.

Ufa mrefu katikati ya ubao mpana, unaoanzia mwishoni na kusafiri na nyuzi, una habari tofauti. Mbao hutanuka ikiwa na unyevu na kunywea ikikauka, na hufanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu mabadiliko ni madogo kiasi cha kutohesabika. Ubao wa upana wa milimita 200 unaweza kubadilika milimita 3 hivi kati ya majira ya mvua na kiangazi, kutegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa. Ukiwa umeubana kwa skrubu ngumu pande zote mbili, hauna pa kwenda, na unachana. Tiba: skrubu moja ibaki imeshika imara, na ile ya upande wa pili ipite kwenye tundu refu la umbo la yai, chini ya washa, ili ubao uteleze. Au upasue ubao huo mara mbili kwa urefu na uache nafasi katikati. Mimi nachagua kuupasua. Kwenye samani za nje sipendi ubao unaozidi milimita 150 kwa upana.

Nyufa ndogondogo za juujuu, nyembamba kama nywele, ni kazi ya jua. Haziathiri nguvu. Ziache, ila zinakueleza kwamba mafuta ya kinga yamekwisha.

Uso umebonyea na maji yanatuama

Ubao ulioinuka kingo na kubonyea katikati umekauka zaidi upande uliobonyea kuliko upande wa chini. Kwenye meza za nje sababu huwa ni moja: mtengenezaji alipaka mafuta au vanishi juu tu na kuacha chini tupu. Chini kunakunywa unyevu wa nyasi, juu kunachomwa na jua.

Ubao ambao haujapinda muda mrefu unaweza kurudi. Ufungue, ulaze kwenye nyasi zenye unyevu na upande uliobonyea ukiangalia chini, jua lipige upande wa juu ulioinuka mgongo. Upande mkavu utakunywa, upande wenye maji utakauka. Ukichungulia kila baada ya saa mbili tatu utauona ukinyooka. Utoe mara tu uliponyooka, kwa sababu hautasimama wenyewe hapo. Usubiri ukauke sawasawa pande zote, upake juu, chini, kingo na vichwa, ndipo uufunge.

Ukijipinda tena baada ya hapo, tazama kichwa cha ubao. Utaona miduara ya ukuaji wa mti. Miduara hiyo hujaribu kunyooka mbao inapokauka, na huo ni mwelekeo wa kuzaliwa, haubembelezwi. Upasue uwe vipande vyembamba.

Nafasi kati ya ubao na ubao iwe milimita 5 hadi 8. Wapo wanaobana mbao zikagusana kwa sababu inapendeza. Mvua ya kwanza zinatanuka, zinasukumana, na zile za pembeni zinang'oa skrubu. Nafasi hizo pia ndizo njia ya maji kushuka. Kama uso lazima uwe mzima bila nafasi, uinamishe kidogo upande mmoja, na uchonge mfereji mwembamba chini ya ukingo ili tone la maji lidondoke badala ya kutambaa kurudi ndani.

Miguu meusi, laini, inayonuka uvundo

Hii ndiyo dalili ninayoitafuta kwanza kwenye samani yoyote ya nje, hata mwenyewe akiniita kwa shida nyingine. Laza benchi, futa udongo chini ya mguu, choma bisibisi kwenye kichwa cha ubao. Ikiingia sentimita nzima kwa kidole tu, mguu unaoza. Tazama pia rangi: mbao iliyokatika vipande vya mraba vya kahawia vinavyosagika, au iliyogeuka nyeupe na kuwa nyuzinyuzi, yote ni kuvu, aina tofauti.

Kuvu wa kuozesha mbao anahitaji unyevu wa takriban asilimia 20 kwenda juu. Mbao inayobaki chini ya hapo haiozi, iwe ya zamani au mpya, laini au ngumu. Kwa hiyo swali si dawa gani upake. Swali ni kwa nini hapa hapakauki.

Kichwa cha ubao ni mdomo wa mrija. Nyuzi za mti zilikuwa zikipandisha maji, na hata baada ya kukatwa zinaendelea kuyavuta kwa kasi kubwa kuliko ubavu wa ubao unavyoweza. Mguu uliosimama kwenye nyasi au kwenye zege linaloshika maji unakunywa mchana na usiku. Kata sehemu iliyooza, kisha uendelee kukata hadi sentimita chache ndani ya mbao nzima, kwa maana kuvu huwa amekwisha kutangulia mbele ya unachokiona. Kata miguu yote ilingane, au unganisha kipande kipya kwa mshazari, gundi na bolti. Simamisha miguu hiyo kwenye kopo lenye mafuta ya kinga na uiache inywe hadi ishibe. Mwisho weka kikanyagio: kipande cha plastiki ngumu au mpira, chembamba kuliko mguu ili maji yasitue juu yake, kinachoinua mbao hata sentimita moja tu kutoka ardhini.

Kuna sehemu nyingine ya kuoza ambayo hufichwa na uzuri wa kazi: pale mbao mbili zinapolaliana bapa kwa bapa. Mbao za kukalia juu ya fremu, mkono wa kiti juu ya nguzo yake. Maji huingia katikati na hayatoki. Weka washa au kipande chembamba cha plastiki kwenye kila skrubu kati ya mbao hizo mbili ili hewa ipite, au uchonge fremu iwe na mgongo ili ubao uguse mstari mwembamba tu.

Usijaze puti juu ya kuoza. Puti huzuia unyevu usitoke, na baada ya mwaka inadondoka ikiwa kipande kizima na vumbi la mbao nyuma yake.

Rangi au vanishi inabanduka

Inaanzia wapi? Kama ni kingoni, kwenye vichwa vya mbao na kuzunguka skrubu, maji yameingilia huko na kuisukuma kutoka nyuma. Kama inabanduka kwa mapande makubwa na chini yake mbao ni ya kijivu, ulipaka juu ya mbao iliyokwisha kuungua na jua. Miale ya urujuanimno huivunja lignini, ile gundi asilia inayoshikanisha nyuzi, na kinachobaki juu ni utando wa nyuzi zilizokufa. Rangi imeshika utando huo vizuri kabisa. Utando ndio haukushika mbao. Wengi huipenda rangi ile ya kijivu kwenye mbao kuukuu na hawataki kuipiga msasa. Basi wapake mafuta yanayopenya, si vanishi inayotanda.

Mapovu yanatokana na kupaka kwenye jua kali au kwenye mbao yenye maji. Na rangi inayoteleza bila kushika kabisa imekutana na nta, mafuta ya mashine au grisi, jambo la kawaida kwa mbao zilizotoka kiwandani au gereji.

Kati ya vanishi na mafuta, kwa mbao zilizotumika ninasimama upande wa mafuta bila kusita. Vanishi ni nzuri hadi siku inapopasuka, na baada ya hapo huna njia ila kuikwangua yote. Mafuta yanaisha taratibu na unaongeza. Kipimo chake ni tone la maji: likikaa juu kama ushanga, subiri, likinywewa ndani ya dakika moja mbili, paka. Paka kidogo, acha yanywewe, futa yote yaliyobaki juu. Uso unaonata wiki nzima baadaye ulipakwa mengi mno, au ulitumia mafuta mabichi ya linsidi (ya mbegu za kitani), ambayo hukauka polepole sana na pia huvutia ukungu.

Matambara uliyofutia mafuta ya linsidi usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa. Yanapokauka hutoa joto, na yakiwa rundo joto hilo halina pa kutokea. Yanaweza kuwaka yenyewe bila cheche yoyote. Yaanike moja moja nje, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Madoa meusi yanayochuruzika kutoka kwenye misumari

Mbao zenye tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti, zikikutana na chuma na maji hutoa weusi kama wino. Hata vipande vya misumari vilivyokatikia ndani hufanya hivyo, kwa hiyo pitisha sumaku mahali ambapo doa halina skrubu inayoonekana. Utaokoa na meno ya msumeno wako pia.

Doa lenyewe hutoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji. Paka, acha, suuza kwa maji mengi. Ni sumu: vaa glavu na miwani, usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo, na usipige msasa kabla hujasuuza. Lakini doa litarudi kama chuma kimebaki. Badilisha skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, au angalau zilizochovywa kwenye zinki ya moto. Zile za rangi ya dhahabu zinazong'aa dukani zina zinki nyembamba ya ndani ya nyumba. Na kama mbao zako zimetibiwa kwa dawa zenye shaba, skrubu za kawaida zitaliwa haraka zaidi.

Vumbi na matundu madogo

Tundu peke yake halisemi kama mdudu yupo. Anaweza kuwa alitoka miaka iliyopita, maana tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Gonga ubao, futa vumbi lote, tandika karatasi nyeusi chini yake na uiache siku kadhaa. Vumbi jipya kama unga likidondoka, wamo na wanakula. Njia za udongo zinazopanda mguuni ni mchwa, na hao wanatoka ardhini. Kushughulikia benchi bila kushughulikia walikotoka ni kazi bure.

Ubao wenye vumbi jipya uutenge na mbao nyingine siku hiyohiyo. Dawa za chumvi za boroni hufanya kazi, ila kwa masharti mawili: zipakwe kwenye mbao tupu isiyo na rangi, na baadaye zifunikwe kwa kinga ya maji, kwa sababu mvua huzisafisha. Ubao uliosikika mtupu unapogongwa usiurudishe kwenye kitu cha kukaliwa.

Koo linakereketa na macho yanawasha unapopiga msasa

Acha. Usivae barakoa na kuendelea. Kwanza ujue unachosaga.

Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na milango na madirisha ya kabla ya hapo bado yanazunguka. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu kabisa. Mbao zenye rangi ya kijani iliyofifia zinaweza kuwa zilitibiwa kwa mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki, ambayo ni sumu. Mbao nyeusi zenye harufu ya lami, kama mataruma ya reli, zina kreosoti, na hazifai kwa kitu ambacho ngozi ya mtu itagusa.

Kwenye paleti tafuta muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, wenye alama ya suke la ngano. HT maana yake ilitibiwa kwa joto, hadi kiini cha mbao kikafika nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30. MB ni bromidi ya methili, gesi ya sumu, ziache. Lakini muhuri hauelezi kilichomwagikia paleti baadaye. Doa la mafuta lisilojulikana au harufu ya dawa ni sababu tosha ya kuukataa ubao, hata uwe na HT kubwa namna gani.

Vibanzi vinachoma ngozi

Msasa namba 80, kisha 120. Lowesha uso kwa kitambaa, nyuzi zisimame, zikikauka upitishe 120 tena. Viringa kingo zote zinazogusa nyuma ya magoti na viganja. Kulainisha zaidi ya hapo ni kupoteza muda. Mbao iliyong'arishwa mno hunywa mafuta kidogo.

Pasipo na maana ya kutengeneza

Miguu ikiwa imeoza lakini mbao za juu ni nzima, tengeneza. Viungo vikicheza, tengeneza. Kuoza kukiwa kumefika kwenye viungo vya fremu, au wadudu wakiwa kwenye zaidi ya ubao mmoja unaobeba uzito, vunja. Bolti na washa zihifadhi, mbao nzima zikate fupi ziwe masanduku ya maua. Zile zilizotibiwa kwa dawa au zenye rangi ya zamani usizitie jikoni wala kwenye moto wa nje: aseniki na risasi haziungui, zinabaki kwenye moshi na kwenye jivu ambalo mtu atakuja kulimwaga bustanini. Zipeleke panapopokelewa taka za hatari, na vumbi la msasa ulilokusanya liende pamoja nazo kwenye mfuko uliofungwa.